Mlinganyo wa Schrödinger: anza na kisanduku, hidrojeni baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wanaokwenda kusoma fizikia chuoni hunipitia hapa Kiboriloni, Moshi, kuniuliza wajiandae vipi na mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza chembe ndogo kama elektroni kwa njia ya mawimbi. Jibu langu ni lilelile: usianze na atomu ya hidrojeni. Anza na elektroni moja iliyofungiwa kwenye kisanduku chenye kuta zisizopenyeka, ukokotoe kwa mkono wako mpaka upate namba.

Wengi hukariri. Mlinganyo huo, uliochapishwa na Erwin Schrödinger mwaka 1926, unaweza kuandikwa kwa kifupi HΨ = EΨ (Ψ ni wimbi la elektroni, E ni nishati yake, H ni hesabu inayofanywa juu ya Ψ ili kuipata nishati hiyo), na ufupi huo ndio mtego. Unaushika haraka, unafaulu mtihani, na hujui umeandika nini.

Chukua kisanduku chenye upana wa nanomita 1. Ukutani lazima wimbi liwe sifuri, kama waya wa gitaa uliofungwa ncha zote mbili, kwa hiyo yanabaki mawimbi yanayoingia humo kwa nusu-wimbi zilizotimia tu: moja, mbili, tatu. Sasa weka tungamo la elektroni, m, kwenye E = n²h²/8mL², ambapo n ni namba ya ngazi, h ni namba isiyobadilika ya Planck, na L ni upana wa kisanduku. Ngazi ya kwanza inatoka eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) 0.38, ya pili 1.50, ya tatu 3.38. Napenda sana hatua hii, maana hakuna aliyekulazimisha ukubali kwamba nishati huja kwa ngazi. Kuta zenyewe zimezileta ngazi hizo.

Halafu chora, usiruke. Chora Ψ ya ngazi ya pili, na chini yake mraba wake. Binti mmoja aliweka ncha ya kalamu katikati ya mchoro, pale mraba unapogusa sifuri, akaniuliza, "Mwalimu, kama hapa haipatikani kabisa, inavukaje kutoka kushoto kwenda kulia?"

Swali zuri mno. Mwanafizikia Max Born alipendekeza, mwaka huohuo wa 1926, kwamba mraba wa Ψ unatoa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Schrödinger mwenyewe alipendelea kuiona kama chaji iliyosambaa. Mlinganyo haukupi njia inayopitwa na elektroni, hivyo hakuna safari ya kuvuka. Kaa na jambo hili siku kadhaa, hata likikukera.

Hesabu zisikutishe: kalkulasi ya kidato cha sita na namba changamano kidogo zinatosha kuanzia.

Kisha panua kisanduku mara mbili. Nishati itashuka hadi robo. Jieleze kwa nini kabla hujashika kalkuleta. Ukiweza, fungua sura ya hidrojeni, ukaitafute eV −13.6, nishati ya ngazi yake ya chini kabisa.