Chaja ya kigari cha gofu haiwaki

Umesema chaja ya kigari chako cha volti 48 haivumi kabisa ukiichomeka. Usikimbilie kununua nyingine. Chaja nyingi za otomatiki haziwaki mpaka zihisi umeme kidogo kwenye betri, kwa hiyo betri zikiisha kabisa, hata chaja isiyo na hitilafu hukaa kimya. Kama kigari kina betri 6 za volti 8, fungua nyaya, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 8 (si ya 12!), kisha rudisha nyaya na utumie tena chaja ya kigari.

Betri iliyojaa ikapumzika husoma takriban volti 8.5 kwenye kipima volti. Itakayobaki chini ya 8 huku nyingine zimepanda ndiyo mbovu. Vichwa vya betri (mahali nyaya zinapofungwa) vyenye ukungu wa kijani visafishe kwanza. Maji yaliyotoneshwa (maji safi ya betri) jazia baada ya kuchaji, vinginevyo asidi itafurika.