Kamera za waifai nyumbani kwa huku kwetu Mbeya: kamera yenyewe nunua mwisho

Mkuu umesema nyumba iko Uyole, anakaa bi mkubwa na dada wa kazi, wewe uko Dar, unataka kamera mbili tatu za waifai zisizo na mambo mengi uwe unachungulia kwenye simu, na fundi aliyekupigia hesabu ya kutandaza waya na DVR (lile boksi la kurekodia) kakutajia hela ukaghairi. Naona wengi wamekujibu majina ya kampuni tu, chukua hii achana na ile. Mimi nakaa Isyesye, zangu ziko ukutani kitambo, nimefunga pia kwenye fremu ya duka la shemeji yangu Mwanjelwa na kwa mama kule Tukuyu, kwahiyo nakupa niliyoyaona. Kampuni ni swali la mwisho. Anza na umeme utatoka wapi, waifai inafika wapi, alafu unataka kuona nini hasa. Ukishajibu hayo matatu kamera inajichagua yenyewe.

Kwanza hili neno "haina waya" lisikudanganye, haina waya wa picha, wa umeme unao. Zipo za kuchomeka kwenye soketi kwa adapta, zipo za betri zenye kipaneli cha sola, na zipo za laini ya simu ambazo hazihitaji rauta kabisa. Kwa nyumba yenye umeme na mtu anaishi ndani chukua ya adapta, hiyo inarekodi masaa yote. Ya betri inalala, inaamka pale sensa inapohisi joto la mtu anayepita, ikishaamka ndo inaanza kurekodi, kwahiyo mara nyingi unaletewa mgongo wa mtu anayetokomea. Na ile sensa inamkamata vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeifuata uso kwa uso, sasa watu wanaielekeza getini moja kwa moja alafu wanalalamika haioni.

Sola kwa huku inataka akili kidogo. Mbeya tupo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwahiyo paneli iangalie kaskazini na iinamishwe kidogo tu maji na vumbi viteleze. Juni na Julai baridi kali lakini jua linawaka, huwa haina shida sana, shida inaanza Novemba mpaka Aprili mawingu yakishatanda. Ya Tukuyu ndo kabisa, kule mvua haijui likizo, ile ya mama ilikuwa inafika asubuhi betri inapumulia mashine mpaka tukaivutia waya wa umeme. Na kama kuna mtu anasoma hapa yuko Makete au karibu na Kitulo kule baridi inagandisha majani, ufahamu tu kwamba betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, zinakufa mapema.

Waifai sasa. Hizi video za mitandaoni nyingi zinapigwa na watu wa Marekani wanaokaa kwenye nyumba za mbao na jipsam, mawimbi yanapita kama hayaoni ukuta. Sisi tuna tofali za kuchoma, lenta ya zege, bati juu, na geti la chuma. Rauta ipo sebuleni nyuma ya tivii, kamera unataka iwe kwenye nguzo ya geti, hapo katikati kuna kuta tatu. Kamera nyingi za bei hizi zinatumia mawimbi ya 2.4GHz tu, 5GHz hazioni, na hata zingeona yale hayapenyi ukuta vizuri kama ya 2.4. Ukifika kwenye kuunga ikikugomea kila mara, ingia kwenye rauta utenganishe majina ya hayo mawimbi mawili, simu yako na kamera vikae kwenye 2.4, mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Kabla hujanunua chochote mwambie dada asimame pale pale kamera itakapokaa, azime data ya simu abaki na waifai, alafu akupigie video ya WhatsApp. Sio asimame chini, apande kwenye stuli, simu iguse ukuta, na geti liwe limefungwa. Ikikwama kwama kamera nayo itakwama. Kama unapenda namba kuna apu za bure za kupima nguvu ya mawimbi, ikisoma kwenye -60 hivi safi, ikishuka -75 huko sahau, weka repita (kifaa cha kurefusha waifai) au sogeza rauta karibu na dirisha la mbele. Kusogeza rauta ni bure, watu wanakimbilia kununua repita.

Bando usiogope sana. Kurekodi kwenye memori kadi hakuli bando hata kidogo, bando linaliwa ukifungua kuangalia laivu na zile picha za taarifa zinazokuja. Picha ya 1080p inayotiririka kwa 1Mbps ni kama MB 450 kwa saa, kwahiyo ukikaa Dar unamuangalia bi mkubwa anachambua maharage masaa mawili umekula karibu GB nzima ya kwao. Kwenye apu weka SD (picha ya ubora wa chini) kwa kuchungulia, HD (ya ubora wa juu) bonyeza pale unapotaka kumuona mtu sura. Na kwa hesabu hiyo hiyo kurekodi mfululizo masaa 24 ni kama GB 11, kadi ya GB 64 inabeba siku tano na kidogo ndo inaanza kujifuta za zamani. Kamera ikirekodi kwa 2Mbps hizo siku gawanya kwa mbili. Nunua kadi zile zilizoandikwa za kamera za ulinzi, maana zinaandikwa usiku na mchana, na ukifika nyumbani ijaze mafaili mpaka mwisho kwenye kompyuta alafu uyafungue, kuna kadi mtaani zimeandikwa 128 ndani kuna 16.

Umeme. Hapa ndo penye nyumba nyingi pagumu. Umeme ukikatika kamera inazima, rauta inazima, na kibaka anajua hivyo kuliko wewe, na nyumba zetu nyingi mita iko nje ukutani. Tafuta zile yuupiesi (UPS, zenye betri ndani) ndogo za rauta, zinatoa volti 12, hazina makelele, unachomeka rauta na kamera moja (angalia adapta yake imeandikwa volti ngapi, zingine ni 5, ukikosea unaiunguza). Masaa kadhaa unapata bila shida. Na Luku mkuu, wewe ndo uwe unanunua kutokea huko, usiache siku moja units ziishe saa saba usiku alafu wao waone bora wasubiri asubuhi. Radi nazo za huku unazijua, msimu wa mvua zikianza kupiga wachomoe kila kitu ukutani. Yuupiesi ikichomolewa soketini inaendelea na betri yake.

Halafu kuna hizi kamera za balbu, zile za kufunga kwenye holda ya taa. Rahisi kweli, hazihitaji fundi, zinauzwa kila kona. Ila holda ina swichi ukutani! Mama wa Kitanzania akiona taa ya nje inawaka saa mbili asubuhi anafanyaje? Anazima, umeme unaenda bure. Kamera imekufa mpaka jioni. Kwa mama Tukuyu tulibandika solotepu kwenye swichi na ikabanduliwa. Kama lazima uweke hiyo, mwambie fundi umeme aipe holda laini ya moja kwa moja isiyopita kwenye swichi.

Sasa ukungu, na hapa ndo Dar hawatakuelewa. Usiku kamera inawasha taa zake za infraredi ambazo sisi hatuzioni vizuri. Ukungu ukishuka, ule wa Uyole kupandia Isyonje unaujua, ule mwanga unagonga vitone vya maji unarudi kwenye lensi, unachopata ni skrini nyeupe tupu kama umefunika kamera na shuka. Hakuna kampuni inayokwepa hilo. Dawa yake ni kuzima infraredi na kuweka taa ya kawaida ya nje mbali kidogo na kamera, imulike kutoka pembeni, na kamera uiweke kwenye hali ya rangi usiku. Haitakuwa nzuri sana ila mtu utamuona. Na buibui! Taa za nje zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, anajenga pale pale mbele ya lensi, usiku utando unang'aa unapeperuka na upepo na simu yako inalia "mtu ameonekana" mpaka unazima taarifa zote. Fagio la dari kila baada ya wiki mbili, mpe dada hiyo kazi rasmi.

Pa kuifunga usisikilize mafundi wa "weka juu kabisa ione eneo lote". Ukiweka mita nne juu utaona kofia. Mita mbili na nusu mpaka tatu inatosha, ikae chini ya upenu isilowe, iangalie mahali mtu analazimika kupita, yani ule mlango mdogo wa geti na mlango wa jikoni. Lensi ya 2.8mm inaona upana mkubwa lakini kwa picha ya 1080p sura ya mtu usiyemjua unaitambua akiwa mita tatu hivi, zaidi ya hapo unaona "jamaa kavaa jaketi". Ya 4mm inaona kwembamba ila inasogeza mpaka nne na kidogo. Kwahiyo moja ya upana kwa uwanja na moja ya karibu kwa mlango, mbili zinakutosha kabisa, hela ya ile ya tatu peleka kwenye yuupiesi na kadi. Na usiielekeze mashariki, asubuhi jua litakuwa linaingia humo humo.

Kingine kidogo kinachosahaulika ni saa. Kamera nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na saa za China, masaa matano mbele yetu. Kwenye fremu ya shemeji kuna kijana alimfungia ya kwanza akaondoka bila kugusa mipangilio, siku boksi la vipuri limebebwa saa kumi na dakika arobaini jioni, video inaandika 21:40, muda ambao fremu imefungwa na kufuli liko mlangoni. Kumueleza hilo anayepokea kesi mpaka akuelewe ni kazi. Weka GMT+3 siku ya kwanza alafu linganisha na saa ya simu.

Paswedi usiiache ile ya kiwandani. Mwaka 2016 kuna kirusi kinaitwa Mirai kilipita dunia nzima kikiingia kwenye kamera na DVR kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, kikazitumia kushambulia mitandao mikubwa. Fungua akaunti kwa imeili yako wewe, sio ya fundi, maana fundi akiunga kwa akaunti yake anaendelea kuona kwenu. Ndugu wengine wape ruhusa ya kuangalia kupitia kile kipengele cha kushea kwenye apu. Ile stika ya QR iliyo mgongoni mwa kamera usiipige picha ukarusha kwenye grupu la familia.

Na dada wa kazi mwambie zipo. Ndani chumbani kwake wala bafuni hakuna kamera, nje inatosha, sebuleni kama mama mwenyewe kakubali. Uwanja wa jirani usiuchukue, apu nyingi zina sehemu ya kuziba eneo kwa rangi nyeusi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria jirani ndo utakayempigia saa nane usiku, hutaki kumkera. Tena namba yake na ya mjumbe ziweke kabisa kwenye simu, maana wewe ukiwa Mbagala taarifa ikilia utamtazama tu mwizi akibeba.

Kampuni sasa maana najua ndo ulichotaka. Tapo ni za TP-Link, EZVIZ ni ndugu na Hikvision, Imou ni ya Dahua. Hizi tatu apu zao zinaeleweka na wanatoa maboresho, chukua yoyote utakayoikuta ina warantii ya duka unalolijua. Kwa nje hakikisha imeandikwa IP65 au IP66 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), kuna za ndani zinauzwa kwa maneno "hata nje inakaa", haikai. Zile zisizo na jina zinazotumia apu ya V380 zinafanya kazi, shemeji anayo moja stoo, ila ukiambiwa ni 8MP (megapikseli) usibishane nao, gawanya tu kichwani. Na ukisikia malipo ya kila mwezi ya kuhifadhi mtandaoni, sio lazima, isipokuwa ile ya mlangoni ambayo mtu anaweza kuing'oa na kadi yake.

Niambie rauta iko chumba gani na kutoka hapo mpaka getini ni hatua ngapi, na kama ukuta wa mbele ni tofali za kuchoma au bloku, nikuambie kama repita utaihitaji.