Zimwi wa chukudu asiyetaka kupigana

Ndugu wa Birere hapa Goma, nimekuelewa: unataka kuingia mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons na zimwi mzee, mwendesha chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), macho hafifu, asiyeshika silaha, na kiongozi wa mchezo anasema atakuwa mzigo. Si lazima.

Mfanye kuhani, mhusika anayesaidia wenzake kwa dua. Uajabu uweke kwenye hadithi yake, nguvu uiache kwenye karatasi ya mhusika. Ukitumia zile namba za kawaida za sifa za mhusika (15, 14, 13, 12, 10, 8), ile 15 iende kwenye Hekima, ndiyo inayoendesha dua za kuhani; usiipeleke kwenye Haiba eti kwa sababu mzee ana maneno matamu. Dua ya Baraka inawaongezea hadi wenzako watatu dadu ya pande 4 wanaposhambulia au wanapojiokoa na madhara. Hujagusa mtu, na meza nzima inakuhitaji. Ila ukipigwa inaweza kukatika, basi kaa nyuma. Zamu nyingine msaidie tu mwenzako: atarusha dadu ya pande 20 mara mbili, achukue iliyo kubwa.

Macho hafifu, hapo pole pole. Kubalianeni mapema yatamgharimu nini, la sivyo kila jioni ni mabishano.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la kukataa kupigana. Mzee akigomea pia kila safari, watamchoka. Mpe sababu ya kwenda: deni, mjukuu aliyepotea, makaa aliyopeleka bila kulipwa. Na ukitaka awe mkimbizi wa vita, waulize wenzako kwanza, mmoja mmoja, faragha. Hapa Goma kuna mambo ambayo mtu hayafanyii mchezo. Mwenzenu akiumia moyoni, simamisheni. Ikizidi, msindikizeni kwa mshauri wa kisaikolojia.