Usimtume Mtoto, Mpeleke

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Ujumbe wa kijana mmoja, afisa ustawi wa jamii aliyeajiriwa mwaka jana na kupangiwa kata ya mbali. "Shikamoo mama. Nina mtoto wa miaka kumi na mmoja, amefanyiwa ukatili. Polisi wanasema nianze hospitali, hospitali wanasema nianze polisi. Leo siku ya pili. Nifanyeje?"

Nilimpigia palepale. Tuliongea dakika kumi, akaamka saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa tatu mtoto alikuwa ameshaonwa na daktari. Yeye alilala. Mimi sikulala, kwa sababu mimi pia ni afisa ustawi wa jamii, na swali lake ni langu la mwaka 2016, ila mimi sikuwa na wa kumuuliza. Au nilikuwa naye, nikaona aibu kuuliza.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, msimu wa pamba. Bibi mmoja aliingia ofisini na mjukuu wake wa miaka tisa, amemfunika kanga kama anamkinga mvua. Jambo lilitokea Jumamosi jioni, na aliyelifanya ni mtu wa mlango wa tatu. Nilimsikiliza mtoto, nikampa maji, kisha nikaandika barua ya rufaa. Barua nzuri, wapendwa. Kumbukumbu namba, yahusu, aya tatu, muhuri katikati ya sahihi. Nikamkabidhi bibi: "Mpelekee polisi, watakuhudumia." Nikarudi kwenye taarifa yangu ya robo mwaka nikiamini kazi imekwisha.

Yaliyofuata niliyajua Jumatano asubuhi, bibi aliporudi na mtoto yuleyule kuniomba nauli ya kurudi kwao. Kituoni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, anayeshughulikia kesi kama hizi, alikuwa ameenda mahakamani na kesi nyingine, kwa hiyo mtoto akaulizwa kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yake. Kesho yake wakapewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa. Hospitali wakaambiwa wakate kadi, nesi wa mapokezi akauliza kisa, na daktari anayejaza fomu hizo alikuwa semina. Rudini kesho. Njiani mtendaji wa mtaa naye akataka kusikia, kwa sababu mtaa ni wake.

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Jumamosi jioni mpaka Jumanne jioni ni saa 72. Dawa za kumkinga mtoto na maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa hizo, na mapema ni bora zaidi. Barua yangu yenye muhuri ilikuwa bado kwenye mkoba wa bibi, imekunjwa mara nne.

Vipimo vya baadaye vilitoka salama. Mungu ndiye aliyemsimamia yule mtoto, mimi nilikuwa naandika taarifa.

Kesi ilifunguliwa ikaenda kwa kusuasua. Kufikia kwa mpelelezi, mtoto alikuwa ameshasimulia mara sita. Ya saba hakusema kitu, alikaa anavuta nyuzi za kanga ya bibi yake. Baadaye nikasikia familia mbili zimekaa chini ya mwembe wakamalizana, bibi na mjukuu wakahamia kijijini, mashahidi wakakosekana, mtuhumiwa akatoka. Mpaka leo nikipita ule mtaa nazunguka upande wa soko.

Miaka mingi niliwalaumu polisi. Kisha hospitali. Kisha ile familia. Ilinichukua muda kuona kwamba kila mtu katika mnyororo ule alifanya sehemu yake kama alivyoelekezwa, na mtoto ndiye aliyekuwa tarishi wetu. Polisi wako Mambo ya Ndani. Mimi na hospitali ya wilaya tuko halmashauri, chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Waendesha mashtaka wana mkurugenzi wao na mahakama ni mhimili wake peke yake. Kila mmoja ana rejista yake na bosi wake anayemuuliza mambo yake. Hakuna aliyewahi kuulizwa na bosi wake, "Yule mtoto uliyemtoa hapa, alifika kule?"

Mwaka uliofuata ukaja MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18 ukaleta Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia mtaa na kijiji mpaka taifa. Nakiri niliudharau. Nikasema kamati nyingine, chai na maandazi. Kikao cha kwanza nilienda kwa sababu nililazimishwa kuandika muhtasari. Lakini mezani alikaa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, akakaa tabibu, mwalimu wa malezi, mtendaji, msaidizi wa kisheria, na mimi. Nilikuwa nimefanya kazi na askari yule miaka mitatu kwa barua. Siku hiyo ndipo nilipoiona sura yake na kuchukua namba yake.

Hapo likazaliwa daftari langu. Ni la kawaida, la kurasa 96, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Kila ofisi ina ukurasa wake, na kila ukurasa una majina mawili: wa kwanza, na wa kupigiwa wa kwanza asipokuwepo. Mtoto akikaa kwenye kiti changu, hainuki mpaka nimepiga simu na nimesikia mtu akisema, "Niko, njoo naye." Kisha naenda naye. Simtumi. Bodaboda elfu mbili natoa mwenyewe mara nyingi, na vocha pia, msiniulize fungu la bajeti liko wapi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa kijana yule ni huo: piga simu kabla mtoto hajatoka. Wa pili, piga simu baada ya mtoto kufika. Wa tatu unafanana na hiyo miwili, nisiwachoshe.

Mtoto akiwa na jeraha, au saa zinakimbia, anza na matibabu, na umwite askari wa dawati aje na PF3 hospitalini. Askari ana miguu mizima, mtoto ameumizwa. Wakati mwingine ataguna. Mwache agune akiwa njiani. Zanzibar walianza kituo cha Mkono kwa Mkono pale Mnazi Mmoja mwaka 2011, daktari, polisi na ustawi chini ya paa moja, na Bara kuna Amana na hospitali nyingine kadhaa. Kama kwenu kipo, kitumieni. Kama hakipo, nyie wenyewe ndio kituo, mnachokosa ni paa tu.

Mtoto asimulie mara chache iwezekanavyo. Mimi namwomba askari akae nami tusikilize pamoja, mmoja anauliza kwa upole, mwingine anaandika. Wengine wataanzia hapo badala ya kumrudisha mtoto mwanzo kila mlango. Na mtendaji hahitaji kisa. Anahitaji kujua kwamba mtoto asilale nyumba ile leo, na kama hakuna ndugu salama, tutafute familia ya kuaminika.

Mwezi uliopita nilikaa mahakamani kwenye benchi la nyuma, hukumu ikasomwa: miaka 30. Mtoto ni binti wa miaka kumi na tatu. Naomba mniruhusu nijisifu kidogo. Daktari aliyejaza PF3 alikuwa amehamishwa mkoa mwingine, na alikuja kutoa ushahidi kwa sababu namba yake ilikuwa daftarini na nilimpigia mara nne. Fomu ilisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa, maana isiposomwa, kwenye rufaa inaweza kuondolewa kana kwamba haikuwahi kujazwa. Umri ulithibitishwa na mama yake, na kadi ya kliniki tulikuwa nayo tangu wiki ya kwanza. Binti aliahidi kusema kweli na kutosema uongo, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka kwa mtoto asiyekula kiapo tangu marekebisho ya 2016, na hakimu akaliandika hilo. Wiki moja kabla nilikuwa nimempeleka kuona chumba kikiwa kitupu. Aliuliza feni ile huwa inafanya kazi kweli. Siku ya ushahidi watu wasiohusika walitolewa nje, feni haikufanya kazi, naye akaongea.

Wakili wa serikali alinipa mkono. Sijanawa, natania.

Sasa nyie mnaosema hii si kazi yenu. Mwalimu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na wewe unamwona mtoto huyo siku tano kwa wiki. Nesi, ukimwambia mama "rudi kesho", jiulize kesho hiyo inaangukia saa ya ngapi. Mjumbe unayekaa chini ya mwembe kupokea mbuzi na laki tatu za kuzima kesi, mbuzi ataliwa jioni ile ile. Na wewe afisa mwenzangu mwenye barua nzuri, nakujua, nilikuwa wewe. Asiyejua pa kuanzia kabisa apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Kijana yule amenijibu jana. Mtoto ameanza dawa, maelezo yamechukuliwa mara moja, ila askari aliyemsaidia anahamishwa mwisho wa mwezi na hajui atakayekuja. Nimemwambia hata kwetu tabibu wa zamu ya usiku, yule wa ukurasa wa pili, amepata uhamisho. Jumatatu naenda kumsalimia aliyeletwa mahali pake. Nimeshafuta jina moja kwa kalamu na kuacha nafasi.