Nina green card na nimesaini petisheni ya kupinga sheria ndogo ya jiji. Je, nimejiharibia?

SWALI: Wakili, shikamoo. Ninaishi Texas, green card yangu ina miaka minne. Baraza la mji wetu limepitisha sheria ndogo ya kuzuia ubaguzi, na sasa watu wa chama kimoja cha siasa wanakusanya saini ili ipelekwe kwenye kura ya wananchi. Ijumaa walisimama nje ya msikiti na vibao vyao vya karatasi za saini, wakasema sheria hiyo itawalazimisha maimamu kufungisha ndoa za jinsia moja na itaingiza wanaume vyoo vya wanawake. Nikasaini. Mwenye kibao aliniambia kusaini si kupiga kura, hata asiye raia anaruhusiwa. Jamaa anayejaza fomu za uhamiaji hapa mtaani anasema nimpe dola 300 "aifute". Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza, hizo dola 300 zibaki mfukoni. Kufuta saini yako ni bure na unafanya mwenyewe, mradi uwahi.

Sheria ya uchaguzi ya Texas inamruhusu aliyesaini petisheni kujiondoa kabla haijakabidhiwa kwa mamlaka husika, ambayo kwa mji wako bila shaka ni ofisi ya katibu wa jiji. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kumfuata mwenye kibao na kulikata jina lako kwenye karatasi ileile uliyosaini. Ya pili ni kupeleka kwa katibu wa jiji hati ya kiapo inayosema unaondoa saini yako. Ukiituma kwa posta, inahesabiwa siku iliyopokelewa, si siku uliyoituma, kwa hiyo ipeleke kwa mkono na uombe nakala yenye muhuri na tarehe. Hati haihitaji sababu. Usianze kujieleza humo kwamba ulidanganywa au hukujua. Maelezo hayo mpe wakili wa uhamiaji kabla hujaweka lolote kwenye maandishi. Petisheni ikishapokelewa, mlango huo umefungwa, na kitakachobaki ni kuandaa maelezo yako na wakili.

Sasa nije kwenye hilo la "kusaini si kupiga kura", ambalo limewaponza watu wengi mno na bado linarudiwa kila msimu wa kampeni. Ni kweli kusaini si kupiga kura. Lakini rudi usome maneno yaliyo juu ya ile karatasi. Mara nyingi yanasema: sisi tuliosaini hapa chini ni wapiga kura wenye sifa wa jiji hili. Kisha kila mstari unadai jina, anwani ya unapoishi, tarehe ya kusaini, na tarehe ya kuzaliwa au namba yako ya daftari la wapiga kura. Texas haimpi asiye raia sifa ya kupiga kura. Kwa hiyo ukisaini chini ya maneno hayo, umetoa kauli kuhusu hadhi yako, na kauli hiyo inaweza kuletwa mezani siku ya usaili wa uraia. Sisemi saini moja inakufukuza nchini. Nasema imempa afisa swali ambalo hakuwa nalo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye karatasi ya pili. Wakusanya saini wengi hutembea pia na fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na wakigundua haumo kwenye daftari wanakwambia "jaza na hii, dakika mbili tu". Fomu ya Texas inauliza mwanzoni kabisa kama wewe ni raia wa Marekani. Ukitia alama kwenye "ndiyo" umejidai raia, na tangu 30 Septemba 1996 kujidai raia kwa uongo ili kupata manufaa ya kisheria ni sababu ya kuondolewa nchini ambayo msamaha wake ni finyu mno. Kutojua Kiingereza vizuri hakukuokoi moja kwa moja. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha kupiga kura na kama umewahi kujidai raia. Wewe una miaka minne. Mlango wa kuomba unafunguka siku 90 kabla ya kutimiza mitano. Kama ulijaza na hiyo ya pili, hukusema, usiombe uraia kabla ya kumwona wakili.

Kinachokera ni kwamba saini kama yako haiwafai hata hao walioichukua. Majina hulinganishwa na daftari la wapiga kura, na asiyekuwamo anakatwa. Tazama Houston. Mei 2014 baraza la jiji lilipitisha sheria ya haki sawa, maarufu kama HERO, kwa kura 11 dhidi ya 6. Wapinzani, akiwemo Jared Woodfill aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha Republican cha kaunti ya Harris, wakapeleka petisheni. Zilihitajika saini 17,269. Katibu wa jiji alihesabu halali 17,846, yaani ziada ya 577 tu. Mwanasheria wa jiji akatupa kurasa nzima kwa kasoro za viapo vya waliozikusanya. Aprili 2015 jaji wa mwanzo akasema zilipungua 585. Julai Mahakama ya Juu ya Texas ikaamuru baraza lifute sheria au liipeleke kwa wananchi, kwa kuwa katibu alikwisha kuthibitisha hesabu. Mwaka mzima mahakamani kwa kugombania mistari, mmoja mmoja. Petisheni inayojazwa nje ya msikiti wenye wageni wengi inawaletea walioibuni kasoro za bure.

Kuhusu ndoa na vyoo: je, umeisoma sheria yenyewe? Mpigie katibu wa jiji akupe nakala. Ni waraka wa umma. Ile ya Houston ilizisamehe taasisi za dini. Kipengele mahususi cha vyoo kilichokuwa kwenye rasimu kilitolewa kabla ya kura ya baraza, lakini kampeni nzima ya Novemba 2015 ilikuwa vyoo, na sheria ikaanguka kwa takriban asilimia 61 dhidi ya 39. Wachache waliwaambia wapiga kura kwamba ilitaja sifa 15, zikiwemo rangi, kabila, asili ya taifa, dini, ulemavu, ujauzito na utumishi wa jeshi.

Hapo ndipo panapokuhusu wewe hasa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, kwenye sehemu za huduma, inataja hoteli, mikahawa, sinema na viwanja vya michezo. Duka la nguo la kawaida halimo. Na Texas haina sheria yake ya jimbo inayokataza kwa ujumla kumnyima mteja huduma kwa sababu ya dini. Mama watoto akifukuzwa dukani kwa ajili ya hijabu, sheria ndogo ya jiji huenda ikawa ndiyo mlango pekee wa karibu. Unaweza kuisoma na bado ukaipinga, hiyo ni haki yako. Kuhudhuria kikao cha baraza na kusema ni ruhusa hata kwa asiye raia. Lakini usiipinge kwa kusimuliwa.

Mwenye kibao huyo, hata awe mwenyekiti wa chama wa kituo chenu, hana mamlaka ya kutafsiri sheria. Maazimio ya chama cha kaunti hayana nguvu yoyote juu ya madiwani. Houston hata karatasi ya kura ya jiji haina jina la chama. Anatafuta idadi ya saini, na asiye raia akiharibikiwa, yeye hatakuwepo kwenye usaili.

Vishoka, kama huyo jamaa wa dola 300, nao wamepata soko hapo. Wengi wetu tumezoea kwamba nyumbani notary ni wakili, kwa kuwa Tanzania na Kenya kazi hiyo hufanywa na mawakili. Texas notary ni mtu yeyote aliyeomba kibali cha kushuhudia saini; hana ruhusa ya kutoa ushauri wa sheria. Vishoka haohao huchukua pesa "kufungua kesi ya ubaguzi jijini" huku muda ukiisha: kwa ubaguzi kazini Texas, ni siku 180 kwenye tume ya kazi ya jimbo na 300 kwenye EEOC, tume ya shirikisho ya fursa sawa kazini, na zikipita hazirudi.

Ushauri wa uhamiaji unatolewa na watu wa aina mbili tu: wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani anayefanya kazi kwenye asasi iliyotambuliwa. Mwombe namba ya leseni, uitafute kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lake kabla ya kulipa. Akianza kuzunguka, chukua karatasi zako zote, pasipoti kwanza, uondoke.