Maswali ya wasomaji: Dodoso lishajazwa, kibali hakuna

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya huku Pangani. Mwaka jana, kwa hela yangu mwenyewe, nilizunguka vilabu vitatu vya tembo la mnazi nikahoji watu 64 kuhusu unywaji wao na nikawapima presha. Nimeandika pepa nikaituma jarida moja la nje, siku ya nne wameirudisha wanataka namba ya kibali cha maadili. Sina. Sikujua kama kinahitajika maana sikumpa mtu dawa wala sindano. Nikiomba sasa hivi nikawatumia si itakuwa sawa? (Tabibu, Pangani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitakuwa sawa, na bora nikwambie mapema kabla hujapanda basi kuja mjini kutafuta mhuri. Kibali cha maadili hakiombwi kwa kazi iliyokwisha kufanyika, kamati ya maadili inasoma mpango wako, dodoso lako na fomu yako ya ridhaa kabla hujamgusa mtu wa kwanza, ndo kazi yake hiyo. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia, la mwaka 1964 na lililofanyiwa marekebisho mara ya mwisho Oktoba 2024, linasema hivyohivyo, kamati kwanza utafiti baadae. Na akitokea mtu wa kukuandikia barua yenye tarehe ya nyuma mkimbie, huko ni kughushi, jarida likigundua hata miaka mitano mbele pepa inafutwa hadharani na jina lako linabaki palepale.

Sasa hilo la "sikumpa mtu sindano". Kwenye utafiti wa pombe sindano siyo hatari yenyewe, hatari ni maneno. Mama anakwambia anapika gongo, na gongo nchi hii ina sheria yake ya kuikataza tangu 1966. Dereva wa daladala anakwambia huwa anapata kopo mbili kabla ya zamu ya jioni. Mwalimu naye anakwambia ya kwake. Tuseme wewe umeyaandika yote kwenye kaunta buku moja, jina, mtaa, namba ya simu, na kaunta buku inakaa juu ya meza ya kituo ambapo kila anayekuja kuchukua panadol anaiona! Hao watu wakijulikana wanapoteza kazi, wanapoteza ndoa, wengine wanashikwa. Ndo maana kamati inakuuliza majina yatakaa wapi, nani ana ufunguo, namba za siri za kuficha majina ziko faili gani na majina faili gani, na sasa tunayo na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 kwa hiyo siyo suala la hiari yako tena.

Halafu kuna ridhaa. Umesema uliwahoji kilabuni, hukusema saa ngapi. Mimi miaka hiyo nikiwa nakusanya data Muheza nilimkuta mzee mmoja jioni, mchangamfu, kanisikiliza vizuri kabisa, akaweka kopo lake chini kwenye mchanga akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalifuta kwenye suruali, akaniambia uliza mwanangu uliza. Asubuhi nikampelekea nakala ya fomu nyumbani kwake. Akatazama dole lake bado lina zambarau, akanitazama mimi, akaniuliza, "Mwanangu, jana kulikuwa na kura?" Niliichana ile fomu palepale mbele yake na majibu yake sikuyatumia, tukaanza upya siku nyingine asubuhi, na safari hii swali la kuhusu mke wake alikataa kulijibu. Jioni ile alikuwa kanijibu lote. Ridhaa ya mtu aliyekwisha kunywa siyo ridhaa, basi. Unaenda mapema kabla kilabu hakijachangamka au unaomba miadi, wengine wanatumia kile kifaa cha kupuliza cha trafiki, na kila mtu unamwomba akurudishie kwa maneno yake mwenyewe umemwambia nini kabla hajasaini.

Cha kufanya sasa. Wale 64 usiwaite utafiti, na usijidanganye ukawaita majaribio ya awali maana hata majaribio yanataka kibali. Kama hukubali waandikie kamati ukweli wote uwasikilize wao, lakini usiweke matumaini. Anza upya: andika mpango, dodoso na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza, tafuta mtu mzoefu wa kukusimamia, peleka maombi NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na huku kwetu wana vituo vyao hapa Tanga na kule Amani, Muheza, ukienda kuuliza utaelekezwa. Kibali kinadumu mwaka mmoja, kazi ikizidi unaomba kuongezewa. Na ukimaliza usikimbilie jarida, kibali cha NIMR kinakutaka uombe na ruhusa ya kuchapisha, wengi wanakisahau hiki kipengele.

Ila jambo lililoninyima usingizi mwanangu ni lingine. Kati ya hao 64 lazima wapo uliowakuta na presha ya juu. Uliwaambia? Uliwaandikia waje kituoni? Barua yako haisemi. Kama hukuwaambia, rudi wiki hii hii, kwa hili huhitaji kibali cha mtu yeyote, wewe ni tabibu wao.

SWALI: Mama shikamoo, mimi nasoma hapa Tanga mjini, natafiti unywaji wa vijana. Wahakiki wa jarida wameandika eti "chupa mbili za mnazi" haieleweki. Mbona kila mtu huku anaelewa? (Binti wa Ngamiani)

JIBU: Marahaba binti yangu. Wako sahihi, na wewe mtoto wa Tanga ulipaswa uwe wa kwanza kuliona. Tembo linaanza kuchachuka palepale kwenye kibuyu juu ya mnazi. La asubuhi ni tembo tamu, karibu juisi, hilohilo likifika jioni ni tembo kali, na la kesho yake usiseme. Sasa chupa mbili za saa mbili asubuhi na chupa mbili za magharibi unaziandika namba moja? Tena kuna muuzaji anayeongeza maji.

Wenzetu wanahesabu gramu za pombe halisi. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanachukua gramu 10 kuwa kipimo kimoja, Uingereza yuniti yao ni gramu 8, Marekani wao 14, kwa hiyo hata ukisema "kipimo kimoja" lazima useme cha nani. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yani vipimo viwili vya WHO kwenye chupa moja. Kwa mnazi, nunua sampuli asubuhi, mchana na jioni upime nguvu yake, kisha uandike ulivyopima. Na dodoso usitunge la kwako, tumia AUDIT, dodoso la WHO la kupima unywaji, maswali 10, alama 0 mpaka 40, kuanzia 8 ndo unywaji wa kutia wasiwasi. La Kiswahili lipo na lilishajaribiwa kwa wagonjwa kule Moshi, usikae kulitafsiri usiku kucha.

SWALI: Kuna kampuni ya bia imejitolea kunilipia nauli na uchapishaji wa madodoso. Nikilitaja hilo, jarida si litanikataa? Na mkuu wangu anataka jina lake likae la kwanza japo hajasoma hata ukurasa. (Mtafiti, Chumbageni)

JIBU: Usipolitaja ndo watakukataa ndugu yangu. Wahariri wa majarida ya mambo ya ulevi walikubaliana tangu 1997 kule Farmington, Marekani, kwamba mwandishi aweke wazi nani kamlipa. Ila mimi nakushauri hiyo nauli uikatae kabisa. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa kuangalia kama kunywa kidogo kila siku kunasaidia moyo, bajeti karibu dola milioni 100, sehemu kubwa ikitoka kwa watengeneza pombe, ikaja kuonekana maafisa wa serikali waliifuata wenyewe ile hela kwa makampuni na mpangilio wa utafiti ulishaelemea upande wa kupata majibu mazuri. Ukafutwa Juni 2018 watu wameshaanza kusajiliwa. Wewe na nauli ya Korogwe utajitetea vipi?

La mkuu wako, masharti ya wahariri wa majarida ya tiba ni manne na yote lazima yatimie: awe amechangia wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kuhakiki kwa maana, awe ameikubali pepa ya mwisho, na awe tayari kuulizwa juu yake. Hajasoma, basi siyo mwandishi. Mweke kwenye shukrani, na mpelekee haya masharti kwa adabu, yakiwa yamechapwa, kabla ya kusabmiti siyo baada.

SWALI: Nimepata imeili inanisifia sana, wanachapisha kwa siku tano ukilipa dola 150. Nitume? Kichwa cha pepa ni "Walevi wa Bagamoyo". (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Usitume. Hakuna mhakiki anayesoma kwa siku tano, na ukishaichapisha huko jarida la kweli halitaipokea tena. Tafuta jarida la kweli, moja tu kwa wakati mmoja, na kama ada ya kuchapisha inakushinda uliza msamaha kabla ya kutuma, wachapishaji wengi wakubwa wana orodha ya nchi zinazosamehewa au kupunguziwa. Kichwa kibadilishe, "walevi" ni tusi na majarida mengi ya fani hii siku hizi yanalirudisha neno kama hilo. Andika "watu wazima wanaokunywa pombe za kienyeji", na Bagamoyo ni ndogo, ukitaja mtaa na kazi ya mtu umeshamtaja yeye.