Upepo ukifika kasi gani ndo ndege inakatazwa kutua?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Ndege tuliyopanda juzi ilikuja kutua ikabakia kidogo tu iguse chini, mara ikapaa tena, ikazunguka ikajaribu mara ya pili ikashindwa, mwisho tukapelekwa kiwanja kingine tukaambiwa ni upepo. Kilichoniuma ni kusikia kwamba ndege ya kampuni nyingine ilitua palepale. Kwani kiwango cha upepo si kimoja kwa wote? Au rubani wetu alikuwa mwoga?

JIBU: Pole sana ndugu yetu, usumbufu huo tunauelewa, ila rubani wako msimwite mwoga hata kidogo.

Hakuna namba moja ya upepo kwa ndege zote, kinachoangaliwa kwanza ni upepo unatokea wapi. Ukitoka mbele unasaidia, ndege inatua kwa mwendo mdogo juu ya ardhi na inasimama mapema, ndo mana ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo. Wa nyuma ni kinyume chake, unakula urefu wa ranwei (njia ya ndege kukimbilia inapopaa au kutua), kwa hiyo ndege nyingi za abiria zimewekewa mwisho noti 10, nyingine 15 (noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa).

Kazi ipo kwenye upepo wa ubavuni. Tuseme unavuma noti 40, ukija kwa pembe ya digrii 30 na ranwei basi unaosukuma ubavuni ni noti 20 tu, lakini ukigeuka ukaja wa kukata moja kwa moja zote 40 zinakupiga ubavuni. Yani kasi ileile, dakika chache tofauti, mmoja anatua mwenzake anashindwa! Airbus A320 kwa mfano, kwenye majaribio ilionyeshwa kutua na upepo wa ubavuni wa noti 33, vishindo (upepo unaozidi ghafla kwa muda mfupi) vikifika 38. Hiyo haimaanishi ikizidi hapo ndege inaanguka, ni kwamba huko ndo walikofika kwenye majaribio, na kampuni nyingi zinaifanya kuwa mwisho au zinaweka chini zaidi, halafu rubani msaidizi ambaye bado mgeni anapewa kiwango kidogo zaidi na ranwei ikilowa au ikiwa na barafu namba inashuka tena. Kwa hiyo ile ndege nyingine huenda ilikuwa ya aina nyingine, au ilibahatika upepo ukatulia kidogo.

Vishindo ndo vibaya kweli kwa sababu vinakuja bila hodi. Desemba 2008 pale Denver, Marekani, Boeing 737 ya kampuni ya Continental ilikuwa inakimbia ipae, mnara wa kuongozea ndege ulishawapa marubani taarifa ya upepo wa noti 27, kikapiga kishindo cha ubavuni kama noti 45, ndege ikatoka nje ya ranwei na kuwaka moto. Wote walipona lakini wengi waliumia.

Kuhusu kupaa tena wakati mmeshakaribia chini, hilo marubani wanafundishwa na kulirudia kila mara mazoezini, na mafuta ya kuzunguka na kwenda kiwanja cha akiba yanahesabiwa kabla hamjaondoka. Ndege ikiyumba au ikisukumwa nje ya mstari, anayeng'ang'ania kutua ndo wa kuogopwa.